Nilimfungia Mke Mwenzangu Mtandao wa Chuo

Ni ule mwaka unga wa mahindi ulipotukimbia, tukala ndizi. Asubuhi ndizi na chai, mchana ndizi na mboga ya chinsaga, jioni zile ndizi zilizobaki mchana. Hata mazishini, ambako watu wa huku kwetu hawakubali kulishwa ovyo, walipakuliwa ndizi na hakuna aliyenuna. Mwaka huo ndio nilifanya jambo ninalotaka kuwaambia.

Nasema mapema: kosa ni langu. Si la shetani, si la simu, si la vijana wa siku hizi. Langu mimi, nyanya ya watu, mwenye mvi na kiti cha mbele kanisani.

Majina nimebadilisha. Mkinitambua, basi mmenitambua.

Nina mjukuu, nitamwita Kemunto. Ni binti ya mwanangu, na nilimlea tangu hajaota meno. Amepewa jina la mama yangu mzazi, kwa hivyo hata akija amevaa suruali na amebeba ngazi begani, mimi humwita mama, naye huniita magokoro, yaani nyanya kwa lugha yetu. Na huku kwetu mjukuu na nyanya hawana siri. Mambo ambayo msichana hawezi kumwambia mama yake wala baba yake, humwambia nyanya, tena kwa mzaha. Kemunto alikuwa ananiambia mpaka nani anamtongoza kazini.

Alisomea kompyuta. Akapata kazi kwenye chuo, kazi ya mkataba, akingoja kuandikwa kabisa. Mimi nilitangaza habari hiyo kanisani, sokoni, hata kwa mtu aliyekuja kuuliza njia.

Wacha niwaeleze kazi yenyewe jinsi nilivyoielewa mimi. Chuo hicho kina makao mawili, moja Kisii mjini, na lingine huku chini upande wa Nyamira. Kwenye dari za madarasa, maktaba, mabweni, hata kule wanakokula, wamefunga vitu vyeupe vya duara, kama sahani ya chakula iliyogeuzwa. Kazini wanaviita akses pointi. Sisi kijijini tukaviita sahani. Hizo sahani ndizo zinazotoa waifai. Lakini sahani yenyewe haina akili. Akili iko kwenye mashini moja inayokaa ofisini Kisii, wanaiita kontrola. Kontrola ndiyo inayoziambia sahani zote zimkubali nani na zimkatae nani. Na aliyekuwa akiitunza hiyo kontrola na sahani zake, za juu na za chini, alikuwa Kemunto wangu.

Sasa, kati ya Kisii na kule chini kuna mlima, na juu ya mlima huo ni kwangu.

Chuo kikaniomba nafasi ya kusimamisha mlingoti. Juu ya mlingoti wakaweka kitu kinachotazama Kisii na kingine kinachotazama chini, ili habari zitoke kwa kontrola, zipite kwangu, zifike kwa zile sahani za Nyamira. Sanduku lake likakaa kwenye stoo yangu, kando ya magunia ya maharagwe. Kemunto akanifundisha taa. Ya kijani ni nzima. Ikianza kupepesa ya njano, maana yake stima imesumbua na sahani za chini zinamtafuta mkubwa wao hazimwoni. Hapo nimpigie simu mara moja.

Jamani, nilivyojivuna! Chuo kizima cha chini, na walimu wake wenye digrii, kilikuwa kinapumua kupitia stoo yangu.

Na kama shukrani, wakanifungia sahani moja ukutani, nje, chini ya bati, yenye mtandao wa wageni. Huo hauna neno la siri. Jirani yeyote akikaa karibu anaupata, na ni uleule wa wageni ulioko langoni kwa chuo. Walisema ni wa kijiji chote. Mimi nikausikia kama ni wangu.

Msisahau kwamba kule bondeni mtandao wa kawaida wa simu ni wa kubahatisha. Ukinunua bando, unaishika ukiwa kileleni kabisa. Na juu ya mlima, nimeshawaambia, ni kwangu.

Jumapili, sisi tukiwa tumeshamaliza Sabato yetu, akina mama wa Dorkasi, kikundi cha kanisa letu, walianza kuja. Niliweka mabenchi. Wakaja na simu zao kuzungumza na watoto walioko Saudia, Katari na Nairobi, wakiwaona uso. Mimi ndiye niliyekuwa nasema nani akae karibu na ukuta na nani asogee. Kuna waliokuja na sukari. Mwaka wa ndizi, mtu anakuletea sukari! Nilikuwa kama chifu.

Siku moja Kemunto akaniambia migomba imerefuka, majani yamefunika jicho la kile kitu cha juu, nipunguze majani. Mimi sikupunguza majani. Nilikata migomba yote iliyokuwa mbele ya mlingoti, mingine ikiwa na mikungu haijakomaa. Nilitaka kijiji kione ninavyotoa kwa ajili ya chuo.

Aliyeona zaidi ni mke mwenzangu.

Nitamwita Kwamboka. Marehemu mume wetu alimwoa baada yangu, ndiyo maana huniita mkubwa, akatujengea mimi kileleni na yeye mteremkoni ambako bando haishiki, na katikati akapanda ua. Marehemu alienda zamani, ua ukabaki. Sikuwa nampenda Kwamboka, naye hakuwa ananipenda, lakini tulisalimiana na tulizikiana. Alikuwa na mdomo wa kuchekesha watu, kitu ambacho mimi sikupewa.

Jumapili hiyo na yeye alikuja akakaa kwenye benchi. Akatazama visiki vya migomba, akatazama sahani ukutani, akasema kwa sauti ya kutosha watu wote:

"Mwaka watu wanakula ndizi, mkubwa anakata migomba ili hewa ipite."

Watu wakacheka. Hilo ningelimeza. Lakini akaendelea.

"Na Kemunto wetu naye, miaka yote ile ya shule, kumbe alikuwa anasomea kupanda ngazi atundike sahani. Mimi zangu hutundika jikoni bila kwenda chuo."

Mama mmoja alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Chai yangu.

Angenitukana mimi ningenyamaza. Akatukana Kemunto, na mbele ya watu niliowaambia kwamba mjukuu wangu ndiye anayeendesha chuo. Nilisimama mbele yake. Nikasema polepole ili asije akasema hakusikia:

"Hapa kwangu hupati. Nenda ukatafute kwingine."

Kicheko kikakatika. Kwamboka akanitazama akidhani natania. Alipoona sitanii, akakunja leso yake, akatia simu kifuani, akaondoka. Hakunijibu. Mtu mwenye mdomo kama ule, na hakunijibu!

Sasa, nisije nikajidanganya hapa kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilijua Kwamboka ana binti Saudia, kazi ya nyumba. Nitamwita Bochaberi. Nilijua, kwa sababu Kwamboka alikuwa amesimama kanisani kumwombea. Mwenye nyumba alikuwa amemnyang'anya laini. Bochaberi alificha kisimu kidogo kisicho na laini, akawa anatumia waifai ya nyumba ile, mchana, wakati mama mwenye nyumba amelala baada ya kula. Ndiyo nafasi yake pekee. Na namba aliyokuwa anaipigia ni moja, ya mama yake. Yote hayo niliyajua, na bado nikasema nilivyosema.

Haikuishia hapo. Ingeishia hapo nisingeandika.

Siku chache baadaye nilikuwa nakata majani ya ng'ombe karibu na ua, nikasikia mtu anacheka. Nikachungulia. Kwamboka ameweka kigoda upande wake, chini ya mparachichi, simu mkononi, na kwenye simu uso wa Bochaberi. Waifai ilikuwa imepita juu ya ua kama moshi. Nimemfukuza mlangoni, na yeye anakula kilekile kutoka upande wake!

Damu ilinipanda. Nilitaka kukata na huo mparachichi.

Kemunto alipokuja wikendi nilimwambia amzimie. Akacheka, akidhani ni yale matani yetu. Nikamwambia tena. Akaacha kucheka.

"Magokoro, hiyo si kazi yangu. Mtandao wa wageni ni wa kila mtu. Siwezi kumfungia mtu kwa ugomvi wenu wa wake wenza."

"Lakini unaweza?"

"Kuweza ninaweza. Simu zote naziona pale. Lakini si vizuri."

Angalia mtoto aliyelelewa vizuri. Aliniambia wazi kwamba si vizuri. Mimi ndiye niliyemgeuza.

Nilikataa kula alichopika. Nikamwambia huyo mwanamke amesema wewe ni mtundika sahani, na wewe unamtetea. Nikamwambia basi asiniite magokoro tena, avuke ua akaitwe mjukuu na Kwamboka. Nililia pia. Machozi ya uongo, lakini yalikuwa yanatoka. Nikamkumbusha nani alimbeba mgongoni kwenda kliniki kwenye mvua. Vitu ambavyo mtu hafai kumkumbusha mtoto, nilivitoa vyote.

Akafungua kompyuta yake pale jikoni, juu ya meza yenye maganda ya ndizi. Kwenye sahani yetu kulikuwa na simu tatu au nne tu, na moja ilikuwa imejiandika jina la Bochaberi, maana ndiye aliyemtumia mama yake simu hiyo. Kemunto akabonyeza mahali. Akafunga kompyuta kwa nguvu.

"Basi. Kula."

Nikala. Nilikula vizuri, nawaambia ukweli.

Baada ya hapo nilikuwa naenda kwenye ua kwa makusudi. Namwona Kwamboka anainua simu, anaishusha, anaizima, anaiwasha. Anahamisha kigoda. Anaipangusa kwa leso. Nilikuwa narudi nyumbani na wimbo mdomoni.

Kisha akaanza kutembea. Alishuka mpaka langoni kwa chuo, pale ambapo wageni hupata mtandao. Wanafunzi wakajaribu kumsaidia, wakamwambia nyanya, simu inakataliwa, hatujui kwa nini. Akapanda mpaka Kisii, kwa fundi wa simu mwenye duka karibu na msikiti. Fundi akaiunganisha na waifai ya duka, ikashika vizuri, lakini saa ya Bochaberi ilikuwa imeshapita. Akamwambia mama, simu yako ni nzima kuliko yangu. Kwamboka akarudi kwa furaha, akakaa kwenye kigoda, ikakataa. Akaenda kwenye yale makao ya chuo ya mjini, ikakataa.

Alianza kuamini kwamba ana mkosi. Aliomba aombewe yeye na simu. Kanisa likainamisha vichwa, na mimi nikainamisha changu.

Siku moja tulikutana kwenye njia ya kisimani. Alikuwa amekonda. Akameza kiburi chake, na najua kilikuwa kikubwa kama changu.

"Mkubwa, tafadhali niulizie Kemunto simu yangu ina nini. Bochaberi aliniambia kuna kitu atanipigia anieleze, niende kwa wakala aliyempeleka, pale Kisii. Na simu haishiki."

Nikamjibu hivi: "Labda imezeeka kama mwenyewe."

Nikaendelea na safari yangu ya maji.

Sijui kama mnanielewa. Hapo nilikuwa na nafasi. Neno moja kwa Kemunto jioni hiyo, na yote yangekwisha. Nilijua simu ina nini. Na kitu kingine nilikuwa sijakijua bado, ambacho nitawaeleza.

Ikaja Jumapili. Akina mama kwenye mabenchi, mimi kwenye kiti changu. Mama mmoja wa Dorkasi, ambaye binti yake anafanya kazi mji mmoja na Bochaberi, akapokea ujumbe wa sauti. Masikio yake si mazuri, kwa hivyo huwa anafungulia sauti yote. Sote tukasikia.

"Mama, mwambie mama ya Bochaberi mtoto wake yuko hospitali. Alikuwa anatoroka kwa ile nyumba, akaanguka kutoka dirisha la juu. Yuko hai lakini mguu umevunjika vibaya. Anasema alimpigia mama yake siku nyingi, mama akazima simu."

Ujumbe ukaisha. Huo ujumbe ulikuwa umepita wapi? Umetoka Saudia, ukafika kontrola, ukapita kwenye mlingoti wangu, ukatoka kwenye sahani yangu, ukutani kwangu. Wengine wote ulikuwa unawafikia. Ole wangu!

Wale mama waliinuka kwenda ng'ambo ya ua kumpa Kwamboka habari. Mimi niliingia stoo. Nilitazama lile sanduku. Taa ilikuwa ya kijani. Kila kitu kizima.

Kisha nikasikia yowe la Kwamboka kutoka upande wa pili. Sitaki kulieleza.

Nikampigia Kemunto, nikamwambia mfungulie.

"Nimfungulie nani?" Alikuwa ameshasahau. Nikamtajia jina. Nikamwambia simu haikuwa inashika hata langoni kwa chuo, hata Kisii, na mimi nilitaka tu asipate hapa kwangu. Nikamuuliza kule kwingine nani alimfungia.

"Magokoro, hakuna kwingine. Kontrola ni moja. Ukimkataza mtu pale, sahani zote zinamkataza, za juu na za chini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unataka kuambiwa?"

Hicho ndicho nilikuwa sijakijua. Nilifikiri nafunga mlango wangu. Kumbe nilifunga milango yote ambayo mwanamke yule angeweza kubisha, nikamwambia aende akatafute kwingine huku huko kwingine nimeshafunga pia.

Kemunto akamfungulia saa ileile. Kisha akalia. Akasema alidhani ni hasira ya wiki moja, kwamba nitamwambia amfungulie, halafu kazi zikamwingia. Akasema chuo kikijua alitumia kontrola kwa ugomvi wa nyumbani, hawatamwandika. Tukakubaliana kunyamaza. Nasema tukakubaliana, lakini mimi ndiye niliyesema, "Tunyamaze, mama." Yeye aliitikia tu.

Bochaberi alirudi mvua kubwa ilipoanza. Tulienda sote barabarani kumpokea, na mimi nikabeba mkungu wa ndizi kichwani kama mtu mwema. Alishuka kwenye gari na magongo. Mguu mmoja haukunji. Nilikumbuka akiwa mdogo alivyokuwa akiruka ule ua kuja kwangu kuiba miwa, na mimi nikijifanya simwoni.

Alinisalimia vizuri. "Mama mkubwa, nimerudi." Akasalimia kila mtu. Mama yake alipomkumbatia, alisimama tu na magongo yake kama mlingoti.

Hakuwa anazungumza na mama yake. Anakula alichopikiwa, anasema asante, basi. Ua si ukuta, nilikuwa nasikia. Jioni moja, jua bado halijazama, nilimsikia:

"Nilikupigia kila siku yule mama akilala. Nilitaka uende kwa wakala kabla hawajanihamisha nyumba nyingine. Wewe ulizima simu."

"Sikuzima, mwanangu. Ilikataa."

"Fundi alisema ni nzima. Umeniambia mwenyewe."

"Alisema ni nzima, ndiyo."

"Basi?"

Nikamsikia Kwamboka akisema kitu ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa nakula, naweka kijiko chini.

"Labda niliizima bila kujua. Nimezeeka, mwanangu. Nisamehe."

Mimi nilikuwa nimesimama na jembe. Mwanamke alikuwa anaomba msamaha wa kosa langu! Na neno lenyewe la kuzeeka ni mimi niliyempa, pale njia ya kisimani.

Sikumuuliza Kemunto. Ningemuuliza, ningepata sababu ya kungoja. Niliacha jembe pale, nikazunguka ua, nikaingia kwa Kwamboka kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mume wetu. Alikuwa anachambua chinsaga. Bochaberi amekaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, kilekile kigoda.

Nikasema nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka. Nikasema simu haikuwa mbovu na mama yako hakuizima. Mimi nilimwambia Kemunto amfungie. Nilimlazimisha. Mama yako alikuja kwangu kuniomba, nikamdhihaki.

Kwamboka hakuacha kuchambua. Alichuma majani mpaka yakaisha, akaendelea kuchuma vijiti.

Bochaberi hakunitazama kabisa. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Kwa hivyo hukuzima."

"Sikuzima."

"Ulikuwa unangoja?"

"Hapo ulipoweka mguu ndipo nilikuwa nakaa."

Msichana akanyoosha mkono. Mama yake akaushika, mikono yote ya kijani. Wakakaa hivyo. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenitukana. Nilijiona kama mtu aliyeleta barua, akakabidhi, na bado amesimama mlangoni. Nikaondoka.

Nilimpigia Kemunto nikiwa njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, magokoro. Nitawaambia kazini mwenyewe kabla hawajasikia kwa mtu mwingine." Akaenda akawaambia. Mkataba ulipoisha hawakumpa mwingine. Aliniambia hawakukosea, kwamba ukipewa mlango wa watu wengi hivyo, hutakiwi kuwa na nyanya wa kumsikiliza. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

Sasa yuko Kisii, kwenye duka la kurekebisha simu. Anakuja kuniona. Analeta mkate, anaosha vyombo, ananiuliza hali ya mgongo. Lakini mzaha wetu umeisha. Haniambii tena nani anamtongoza. Ananisalimia kwa adabu nyingi kama anavyomsalimia mchungaji. Juzi nilimwita mama, kama zamani, akaitikia "Naam." Naam! Nilimlea mimi, na ananiitikia kama mgeni.

Chuo kilihamisha mlingoti. Sahani wakaja kuiondoa, vijana nisiowajua. Ukutani yamebaki matundu ya skrubu na alama ya duara, nyeupe kuliko ukuta wote. Mabenchi hayana mtu. Migomba niliyoikata imechipua, lakini si ile.

Ninyi mnaosoma, hasa ninyi wenye mtoto au mjukuu aliyepata kazi yenye funguo za watu wengi, awe wa stima, wa maji, wa hospitali au wa hizi sahani, nawaomba. Jivuneni naye, hakuna ubaya. Lakini msimtume. Usimwambie huyu mruke, yule mcheleweshe, huyu mfungie. Mtoto anayekupenda atafanya, na wewe utakula ukashiba, na kule usikokuona kuna mtu dirishani na simu sikioni.

Na wewe uliye na jirani usiyempenda, akikuomba kitu kidogo njiani, akikuomba akiwa amekonda, mpe. Mpe hata kama alikucheka.

Wiki iliyopita nilifanya jambo la mwisho nililoweza kufikiria. Nilisonga ugali wa wimbi, nikapika chinsaga na maziwa kama alivyokuwa akiipenda marehemu, nikafunika kwa kitambaa safi, nikazunguka ua. Kwamboka alikuwa mlangoni. Bochaberi alikuwa ndani, nilimsikia akicheka na mtu kwenye simu, na mama yake aliposikia kicheko hicho aligeuza kichwa kidogo, kama mtu anayesikia mvua aliyoingoja.

Nilimwambia sikuja kujitetea. Nilimwambia tumebaki wazee wawili wa mume mmoja, na nimekuja kumwomba msamaha, anipe hata kidogo, hata wa mdomoni tu, nipate kulala.

Alitazama kile chakula. Hakukipokea, na hakukimwaga. Aliunyoosha mgongo wake, akanitazama usoni, na mdomo ule uliokuwa ukichekesha watu ukasema polepole, ili nisije nikasema sikusikia:

"Hapa kwangu hupati. Nenda ukatafute kwingine."